Mashine Nyembamba ya Shamsudin

Shamsudin alizaliwa Mwanjelwa, nyuma ya duka la sufuria la baba yake, Mzee Mrisho, na kama angebaki hapo akiuza sufuria, asingepata matatizo zaidi ya yale ya kawaida ya wauza sufuria. Lakini alipelekwa Iringa kusoma kompyuta. Aliporudi Mbeya na shahada yake, mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba anaandika kodi. Alikuwa na maana ya yale maelekezo yanayoandikwa ili kompyuta ijue la kufanya, ambayo wenzake wa chuoni huyaita hivyo. Mwanjelwa neno hilo lina maana moja tu. Kwa muda wauza vitenge walimwamkia kwa adabu nyingi mno kwa umri wake, na mmoja wao alikuwa akishusha turubai la kibanda kila alipomwona anakuja. Shamsudin alidhani ni heshima kwa elimu.

Hakuwa mjinga, na hilo niliseme mapema maana huko mbele nitamsema vibaya. Akikaa chini akaandika programu, aliandika vizuri. Shida ilikuwa kule kukaa chini. Kabla ya kazi ilibidi meza ipangwe, mandhari ya skrini ibadilishwe, rangi za herufi zichaguliwe, na kahawa ipigwe picha. Kazi yenyewe ilisubiri kando kama mgonjwa aliyekosa ndugu hospitalini.

Aliyemwokoa ni mwenzake, Bupe, binti wa wakulima wa chai wa huko Tukuyu, ambaye walisoma naye darasa moja. Bupe hakuwa na maneno mengi. Laptop yake ilikuwa ya mtumba, nyeusi, nene, aliyonunua kwa Saulo, fundi wa pale pale Mwanjelwa, na feni yake ilipoanza kazi ungedhani jirani wanakoboa mahindi. Yeye aliiita ng'ombe, na kwa Mnyakyusa hilo si tusi. Wawili hao walifungua kampuni ya programu. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kibao kimoja, na hoja ya siku nyingi kuhusu jina la nani litangulie kwenye kibao.

Kazi yao ya kwanza kubwa ilitoka Idodi, mkoani Iringa, kule chini kwenye njia ya kwenda hifadhini. Wakulima wa mpunga wa huko walikuwa na umoja wao wa wamwagiliaji. Wote hunywesha majaruba yao kwa mfereji mmoja, na maji huenda kwa zamu. Aliye karibu na banio, pale maji yanapotoka mtoni, huyapata kwanza, na aliye mkiani huyapata yakibaki. Zamu ziligombaniwa kila msimu. Mwenyekiti wa umoja, Bwana Eliezeri, alisikia kwamba siku hizi kompyuta inaweza kupanga zamu na kumtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu yake: maji yako ni siku fulani, fungua lango asubuhi, funga jioni. Akawapa vijana wale wa Mbeya kazi hiyo.

Bupe alianza kuandika programu wiki ile ile. Shamsudin alitangaza kwamba kazi ya ukubwa ule haiwezi kufanywa kwa laptop aliyo nayo.

Laptop yake haikuwa na kasoro. Kisa ni kwamba mwezi mmoja kabla, katika semina pale Iringa mjini, alikaa karibu na kijana mmoja kutoka Dar es Salaam. Kijana yule alichomoa mashine yake kwenye mkoba wa makaratasi kama mtu anayechomoa barua. Ilikuwa nyembamba hivi kwamba alipoilaza mezani Shamsudin alidhani ni kifuniko, akawa anangoja laptop yenyewe itoke. Tangu siku ile hakuweza tena kuipenda ya kwake. Aliiona imevimba.

Akaanza kuchagua. Msomaji aliyewahi kumwona mtu akichagua mke kwa msaada wa shangazi saba atapata picha kidogo. Alitazama video za watu wa mbali wakifungua maboksi, kwa utulivu ambao hajawahi kuupa hutuba ya Ijumaa. Majina ya prosesa aliyajua kama vijana wenzake wanavyojua wachezaji, nani ana kasi, nani anachoka kipindi cha pili, nani amesajiliwa kwa jina tu. Kwa kinyozi watu wakibishana mpira, yeye alikuwa na mabishano yake, na kwa kuwa hakuna aliyeyaelewa, alishinda yote.

Bupe alimweleza mara moja kwamba mtu wa kazi yao anahitaji RAM ya kutosha, diski yenye kasi, kibodi isiyoumiza vidole, na feni. Alirudia feni. Programu zikikimbia kwa pamoja mashine hupata joto, na joto lazima litoke mahali. Shamsudin alikubali kila neno. Kisha alikuwa akirudi kwenye picha na kuzitazama mashine kwa ubavuni, kuona ipi imekonda.

Nyumbani mkewe, Nusrat, alimletea chai na chapati, akamkuta ameilaza chapati mezani na kuipima kwa rula. Alitaka kujua kama mashine ya aina fulani ingekuwa nyembamba kuliko ile chapati au sawa nayo.

“Baba Nasrin,” Nusrat akamwambia, “ukimaliza kuipima, uile. Inapoa.”

Baba yake alipoombwa maoni, alisema kwamba sufuria nyembamba huunguza ugali. Mzee Mrisho alilijua jambo hilo vizuri kwa sababu sufuria nyembamba ndizo alizouza zaidi. Shamsudin akamuuliza kwa nini basi amejaza duka zima kwa hizo. Mzee hakuona haya hata kidogo.

“Mteja hapiki dukani, mwanangu,” alisema. “Dukani anainua tu.”

Miezi ilipita hivyo. Upande wa pili wa chumba Bupe alikuwa ameshamaliza sehemu ya wakulima, ameingia sehemu ya zamu, na ng'ombe wake ananguruma. Hatimaye Shamsudin aliagiza. Mashine ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwa uangalifu kama dawa, na siku ya kuifungua alialika majirani. Ilikuwa na prosesa ya nguvu kweli na RAM ya kutosha. Haikuwa na feni kabisa. Muuzaji aliitaja hiyo kama sifa, kwamba haipigi kelele. Ilikuwa na tundu mbili tu, zote za aina moja ambayo hakuna waya wowote pale chumbani ulioingia, kwa hiyo alinunua viunganishi, akavitia kwenye kimfuko, na kile kimfuko kikawa kinene kuliko laptop.

Aliijaribu mwezi wa Juni. Alifungua programu zote kwa pamoja, akaibebesha kazi asubuhi nzima, kisha akaweka kiganja chini yake. Ilikuwa vuguvugu tu. Akamwita Bupe aje aguse. Mbeya mwezi wa Juni hata jiko la mkaa linahitaji kubembelezwa, na Bupe alikuwa na koti na shali. Aligusa, akasema ni kweli haina joto, akarudi kwenye kiti chake.

Ikafika siku ya kwenda Idodi kuwaonyesha wakulima. Ulikuwa mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika. Walilala Iringa mjini, asubuhi wakakodi gari. Walipofika Kalenga, Shamsudin aliomba gari lisimame ili aiweke mashine juu ya jiwe na kuipiga picha, na akina mama waliokuwa wanatoka shambani wakasimama kidogo kutazama mtu anayepiga picha sinia. Kutoka pale barabara iliteremka, na kadiri ilivyoteremka ndivyo Bupe alivyovua nguo za baridi moja baada ya nyingine, koti, kisha sweta, kisha shali. Walipofika Idodi upepo ulikuwa wa moto kama unatoka kwenye oveni ya mikate.

Wakulima walikuwa wamejaa katika ukumbi wa umoja, chini ya bati, saa za mchana. Shamsudin alisimama mbele, akaichomoa mashine kutoka kwenye mkoba wa makaratasi kama alivyojifunza. Ukumbi wote ukasema aa. Nafikiri ile ilikuwa dakika bora ya maisha yake, na simlaumu.

Alianza kueleza. Ramani ya mfereji ilitokea ukutani, majina ya wakulima yakajipanga, watu wakaanza kuonyeshana majaruba yao. Kisha ramani ikaanza kusita. Akibonyeza, jibu linakuja baada ya yeye kusahau alichobonyeza. Akaikamata mashine aisogeze, akaiachia haraka. Alimaliza sentensi moja kuhusu teknolojia ya kisasa, na skrini ikawa nyeusi.

Bupe aliinuka. Alifungua ng'ombe wake, akaunganisha waya, feni ikapandisha sauti, na ramani ikarudi ukutani pale pale ilipoishia. Alieleza zamu mpaka mwisho, akajibu maswali, akamwonyesha kila aliyetaka jina lake. Kazi ilikwenda vizuri na umoja ukaipokea.

Hapo ndipo ilipotokea ajabu ambayo Bupe hadi leo haipendi isimuliwe. Walipotoka, wazee wa kamati walizunguka ile mashine nyembamba iliyokuwa bado ya moto, wakaigusa kwa ncha ya kidole. Mmoja alisema trekta likivuta jembe zito huchemsha maji, ila baiskeli haijawahi kuchemsha. Wote waliona amesema kweli. Mashine iliyopata joto kiasi kile ilikuwa imefanya kazi kubwa sana, na ile nene ya yule dada ilikuwa imebaki ya kusindikiza. Barua ya umoja ilipokuja Mbeya, ilimtaja Shamsudin kuwa Mtaalamu Mkuu, na Bupe kuwa msaidizi wake.

Bupe aliisoma barua, akamuuliza Shamsudin aliwaambia nini wale wazee. Shamsudin akaapa kwamba hakuwaambia kitu.

“Ndiyo,” Bupe akasema. “Hukuwaambia kitu.”

Alimalizia sehemu aliyokuwa ameahidi, akamkabidhi, akaenda kufanya kazi nyingine pale pale mjini Mbeya. Kabla ya kuondoka alimwandikia ushauri mmoja: programu bado haiweki kumbukumbu ya nani ameshatumiwa ujumbe, kwa hiyo aiongeze hiyo kabla ya msimu, la sivyo mashine ikizimika katikati itaanza upya tangu jina la kwanza. Akaongeza kwamba ujumbe atume akiwa Mbeya, kwenye baridi. Shamsudin alimjibu kwa kidole gumba. Wiki ile alikuwa anatafuta mkoba wa ngozi utakaoifaa mashine bila kuifanya ionekane nene.

Msimu ulipofunguliwa, Mwenyekiti Eliezeri aliwaalika watu waje washuhudie zamu zikitumwa, na Mtaalamu Mkuu hawezi kutuma zamu akiwa Mbeya wakati watu wamepanga viti Idodi. Alikwenda. Alibonyeza mbele ya watu, simu zikaanza kulia pale pale ukumbini, watu wakapiga makofi. Mashine ikazima. Aliipepea kwa jalada, akaiwasha, akabonyeza tena. Simu zile zile za mwanzo zikalia tena, na mashine ikazima tena. Mara ya tatu aliiweka juu ya mtungi wa maji, kwa ushauri wa kamati. Mwisho akawatangazia kwamba ujumbe umekwenda, na kwa kuwa simu zilikuwa zimelia kwa wingi, kila mtu aliamini.

Wakulima wa juu, walio karibu na banio, ndio waliokuwa wa kwanza kwenye orodha. Wao walipata ujumbe mara tatu, na kila mmoja aliuhesabu kuwa zamu ya ziada kwa baraka za kompyuta. Wa mkiani hawakupata hata mmoja. Wakangoja. Juu maji yalijaa mpaka kingo za majaruba zikakatika na miche ikaelea. Chini vitalu vilianza kuwa vya njano, kisha rangi ya nyasi kavu, na watu waliokuwa wakipimana kwa macho misimu yote wakaanza kupimana kwa mipini ya majembe.

Damari alikuwa na jaruba la mwisho kabisa, pale mfereji unapokwisha. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyelima peke yake. Alipanda na mfereji kwa miguu mpaka ofisi ya umoja, akamkuta Shamsudin amekaa kivulini, mashine ikiwa imelazwa juu ya kitambaa chenye maji kama mtu mwenye homa. Akaweka mezani fungu la miche iliyokauka. Shamsudin alimwamkia, naye akaitikia, maana adabu ni adabu. Kisha akasema:

“Simu yangu ina chaji, na mtandao upo. Nimeishika mkononi kila siku kama mtoto mgonjwa. Ujumbe wangu uko wapi, mwanangu?”

Shamsudin alianza kumweleza habari za prosesa, kwamba ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi hujizima ili isiungue. Alieleza vizuri, kwa kweli. Damari alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo ilisikia joto ikazima,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Mimi pia nilisikia joto. Sikuzima.”

 Akabaki amesimama pale akimtazama, na Shamsudin akaitazama ile miche. Alikuwa amekwisha kuona majina ya wakulima mara nyingi kwenye skrini, yamepangwa vizuri kufuata mfereji, na jina la Damari lilikuwa miongoni mwao. Hakuwahi kufikiri kwamba jina lina mizizi na inaweza kukauka. Alijaribu kuomba radhi, akajikuta analia mbele ya mama wa watu kama mtoto aliyevunja chungu.

Mchana ule ule aliiacha mashine ofisini, akapanda mpaka banio na viatu vyake vya mjini. Aliyemkuta langoni ni Samwel, mkulima wa kwanza wa mfereji, ambaye hakukubali kufunga maji. Samwel alitoa simu, akamwonyesha ujumbe wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mmoja una jina la kampuni ya Shamsudin. Ilimbidi Shamsudin aseme kwa sauti, watu wakisikia, kwamba kompyuta haikukosea ila yeye ndiye aliyekosea, na zile zamu mbili za ziada hazipo. Samwel alinung'unika akafunga. Wakateremka na mfereji lango kwa lango, Damari mbele, Shamsudin nyuma akiwapigia wakulima simu mmoja mmoja, na kila lango lilikuwa na ugomvi wake. Kiatu kimoja kilibaki matopeni na hakikutafutwa.

Kisha akampigia Bupe.

Bupe alisikiliza, akasema atakuja, ila mkataba uandikwe upya kwa jina lake, na Shamsudin aseme mbele ya kamati, kwa mdomo wake, nani aliandika programu ile. Alikuja na basi la asubuhi, akakaa kwenye ukumbi ule ule wa bati, akaandika ile sehemu ya kumbukumbu iliyopuuzwa. Feni ilipiga kelele hadi watu wa nje wakauliza kama umeme una hitilafu. Ujumbe ulikwenda kwa kila mtu mara moja, kuanzia mkiani.

Shamsudin naye alitimiza sharti. Alisimama mbele ya kamati akasema kwamba programu yote ya zamu iliandikwa na Bupe, kwamba yeye aliichelewesha, kwamba mashine yake ndiyo iliyoharibu, na kwamba alionywa. Wazee walimsikiliza kwa makini. Mwenyekiti Eliezeri aliinuka, akamshukuru kwa unyenyekevu wake, akasema wataalamu wa kweli ndivyo walivyo, hawajisifu, na akawataka vijana wa Idodi waige mfano huo. Watu walipiga makofi. Bupe alikuwa anafunga waya zake na hakuinua kichwa.

Wakulima wa juu walikuwa na miche iliyonusurika kwenye vitalu, nao, baada ya maneno mengi, wakawagawia wa mkiani. Damari alipanda amechelewa na alivuna, ingawa kidogo kuliko mwaka uliopita. Shamsudin alirudi kumsaidia kuvuna. Hakuwa na msaada mkubwa, lakini alikuja.

Sasa hivi kampuni inaongozwa na Bupe na kibao kina jina lake mbele. Shamsudin anaandika programu kila siku, kwenye mashine nene aliyonunua kwa Saulo, na kazi yake ni nzuri. Ile nyembamba ameichukua Nusrat, anaitumia Mbeya kwenye baridi, na anasema haijawahi kumsumbua hata siku moja.

Msimu huu Mwenyekiti Eliezeri alimwomba Shamsudin aichagulie ofisi ya umoja laptop. Shamsudin alimweleza kwa kirefu habari za joto na feni, akampendekezea mashine nene, imara, ya kazi. Mwenyekiti alinuna. Aliuliza kama watu wa Idodi ndio wa kupewa mashine nene siku zote wakati nzuri zinabaki Mbeya. Shamsudin alijaribu mara ya pili, akaona mzee anazidi kuumia, akanyamaza, na umoja ukaagiza nyembamba kuliko hata ile ya kwanza. Sasa imo ofisini. Kila mkutano mwenyekiti huichomoa kwenye mkoba mbele ya wakulima, huilaza mezani mbele yake, na mkutano unaendelea vizuri, maana hana haja ya kuiwasha.